Kofia Yako Inashikwa na Nini? Pini, Lastiki, Kamba na Helmeti ya Boda

Mtu akija kwangu aseme kofia yake inamtoka, kitu cha kwanza naangalia si kofia. Naangalia nywele. Halafu naangalia kisogo, halafu masikio, na mwisho kabisa ndio nachukua kofia mkononi. Mimi nashona na kurekebisha kofia hapa tao Nairobi, kwa zile eksibisheni za upande wa River Road ambapo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta, na kwa miaka ambayo nimekuwa hapa nimeona watu wengi sana wakinunua kitu cha kushika kofia bila kujiuliza hicho kitu chenyewe kitashikwa na nini. Hapo ndio mambo huchanganyika. Pini haina nguvu yake, inaazima kwa nywele. Lastiki inaazima kwa kisogo. Kamba inaazima kwa kidevu. Kofia iliyokuenea sawasawa inaazima kwa umbo la kichwa chako. Sasa ukienda kuazima mahali hakuna kitu, hata ununue pini ya dhahabu, kofia itaenda tu.

Kwanza upepo, manake wengi hawauelewi. Watu hufikiri upepo unaisukuma kofia kutoka mbele kwenda nyuma, kama mkono unavyosukuma mlango. Mara nyingi upepo unaiinua kwanza, ndio baadaye unaisukuma. Kama ushaona venye upepo mkali unang'oa mabati ya nyumba, ni kitu kile kile: hewa ikipita juu ya kofia inapanda ule mgongo wake na kukimbia kasi zaidi, na pale inapokimbia mgandamizo unapungua, na huku chini ya ukingo kuna hewa nyingine imeingia inasukuma kwenda juu. Ndio maana kepi inakutoka ukiinua uso kuangalia jengo, na ndio maana mama mwenye kofia pana ya kanisa akiinamisha kichwa kidogo tu mbele, kofia inatulia bila kuiguza. Ukingo wa mbele ukiangalia chini, upepo unaikandamiza kichwani. Ukiangalia juu, umeufungulia mlango.

Halafu nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi yake, na hii ndio watu hawajui kabisa. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ikiwa mara tatu, nguvu ni mara tisa. Kwa hivyo kofia iliyokaa vizuri ukitembea kwa upepo wa kilomita 20 kwa saa, ukitoa kichwa kwa gari la watalii lenye paa wazi likienda 60, inapigwa na nguvu mara tisa ya ile uliyozoea, na unashangaa juu hiyo kofia haijawahi kukusumbua. Hata hapa tao utaona hii ukitoka kwa kona ya jengo refu, upepo ambao kwa barabara nzima ulikuwa umetulia unabanwa kati ya majengo, unaongeza mwendo, na watu wanne kwa mara moja wanaweka mkono kichwani.

Sasa tuje kwa vifaa. Kifaa cha kwanza cha kushika kofia ni saizi, na kama saizi ni mbaya hivyo vingine vyote vinafanya kazi ngumu bure. Chukua tepu ya fundi wa nguo, izungushe kichwani juu kidogo ya nyusi na masikio, ipite nyuma pale kisogo kimetokeza zaidi. Usiikaze. Ikisoma 58, wewe ni 58, basi, sentimita zenyewe ndio saizi. Shida inaanza ukienda Gikomba kutafuta kofia nzuri za mtumba, manake ndani unakuta imeandikwa 7 1/4 na hujui hiyo ni nini. Hiyo ni hesabu ya Wamarekani, wanachukua mzunguko wa kichwa kwa inchi wanagawanya kwa pai (ile 3.14), yaani ni kama kichwa kingekuwa duara kamili, hiyo 7 1/4 ndio upana wake. Ukigeuza inakuja kama 58. Waingereza nao wanahesabu vivyo hivyo lakini namba yao iko chini kwa 1/8, kwa hivyo 58 yao imeandikwa 7 1/8. Kofia mbili zenye namba tofauti zinaweza kukuenea sawa, na mbili zenye namba moja zikakataa, inategemea zimetoka wapi. Kwa hivyo usinunue namba, beba tepu yako upime ndani.

Na kichwa si duara. Wengi wetu vichwa vyetu ni virefu kutoka paji la uso hadi kisogo na vyembamba kwa pande, na kofia nyingi hazijakatwa hivyo. Kwa hivyo unavaa kofia ambayo kwa tepu ni yako kabisa, lakini inagusa mbele na nyuma pekee, na kando ya masikio kuna nafasi kidole kinaingia. Hiyo kofia imeshikwa na sehemu mbili tu, upepo wa kando ukija inabembea. Dawa yake ni sponji nyembamba, unafungua ule mkanda wa ndani wa ngozi au kitambaa, unaingiza vipande pale penye nafasi, si pote. Nimeona watu wanazungusha sponji mkanda wote halafu kofia inawabana paji la uso hadi kichwa kinauma na kando bado iko wazi. Wazee zamani walikuwa wanakunja gazeti na kulitia pale pale, na inafanya kazi vizuri hadi siku ya mvua.

Ukitaka kuona saizi ikifanya kazi peke yake, bila pini, bila kamba, bila kitu, angalia wazee wakitoka Msikiti wa Jamia siku ya Ijumaa na zile kofia za kushonwa kwa mkono. Mtu amerukuu, amesujudu, paji la uso limegusa chini, ameinuka, na kofia iko pale pale. Haina ukingo, kwa hivyo upepo hauna pa kuingilia. Kuta zake zimesimama wima zinashika kichwa pande zote kwa mguso mwepesi ulio sawa, na ile darizi ya vitundu inapitisha hewa, kwa hivyo jasho halijai ndani likaanza kuitelezesha. Mimi huiheshimu sana hiyo kazi. Anayeishona anapima kichwa cha mwenyewe, na ukiazima ya mwenzako unajua mara moja si yako.

Jasho kidogo, kwa njia, si adui. Ule mkanda wa ngozi ndani ya kofia ya kiume ukipata unyevu kidogo unashika ngozi ya paji la uso vizuri kuliko ukiwa mkavu. Adui mkubwa wa siku hizi ni satini. Sisi wanawake tumejifunza kwamba kofia ya pamba au ya sufu inakata nywele na kukausha, kwa hivyo tunaleta kofia zetu ziwekewe satini ndani, na ni kweli inalinda nywele, naiweka kila wiki. Lakini fikiria vile umefanya: nywele zina mafuta, satini inateleza, juu yake kuna kofia yenye ukingo. Umejenga kitu cha kuteleza kwa makusudi. Ndio maana kofia ambayo haikuwahi kumtoka mtu inaanza kumtoka wiki hiyo hiyo amewekewa satini, na anafikiri nimeilegeza.

Kwa hiyo huwa napendekeza mkanda wa mahameli, ule wanaovaa watu wa wigi. Mahameli ina vinyweleo vimesimama pande zote, ukiuvaa kwa paji la uso hadi nyuma, upande wa ndani unashika ngozi na nywele za mbele, upande wa nje unashika kitambaa cha kofia. Haubani. Unafanya kazi kwa mkwaruzo tu, na ukivaa chini ya kofia hakuna anayeuona. Mtu mwenye kipara pia unamfaa, manake yeye pini hana pa kuichomeka na kamba ya kidevu wengi hawaipendi. Kama mkanda wa kofia yako ni satini, nakushonea kipande cha mahameli mbele na kingine nyuma tu, kando nakuachia satini yako, nywele zinabaki salama na kofia inabaki kichwani.

Pini sasa. Hapa nitakaa kidogo.

Mama mmoja wa makamo alinirudia Jumatatu baada ya harusi ya mtoto wa dadake, kofia iko kwa mfuko wa karatasi. Kofia ilikuwa nzima kabisa. Akaniambia, "Mami, zile pini mbili niliziweka vile tu ulinionyesha." Na alikuwa ameziweka vizuri, nilipomwambia arudie nikaona mkono wake unajua. Lakini siku ya harusi alikuwa na wigi, na siku aliponunua kwangu alikuwa na matuta yake. Upepo ulipoingia chini ya ukingo pale uwanjani, pini hazikutoka, kofia haikutoka kwa wigi, ila vyote viliinuka pamoja mbele ya wageni, na ni binti yake aliyekimbia kumfunika na leso. Alinielezea hiyo habari akiangalia chini. Mimi ndio nilikosa kumwuliza. Kuchomeka pini kwa wigi ambalo halijashikwa ni kama kufunga mbuzi kwa kigingi ambacho hakijapigwa ardhini, kamba inaweza kuwa nzuri kabisa na mbuzi akaenda na kigingi chake. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni, siku yenyewe utakuwa na nywele gani? Si leo, siku yenyewe.

Venye pini ndefu ya kofia inafanya kazi ni hivi. Haishiki kofia kwa kuichoma tu. Inaingia kwa kofia kutoka nje, chini karibu na ukingo, upande wa nyuma kidogo ya sikio. Ikishaingia ndani unailaza, ncha inateleza sambamba na ngozi ya kichwa bila kuidunga, inachukua nywele, halafu unageuza ncha nje na kuitokeza tena kwa kofia. Kofia, nywele, kofia. Ukivuta kofia juu, pini yote kwa urefu wake inalala chini ya nywele na kuzuia, kama komeo ya mlango. Ikiwa moja tu, kofia bado inaweza kuzunguka kwa hiyo pini kama mlango kwa bawaba, kwa hivyo unaweka ya pili kutoka upande mwingine, na zisielekee njia moja. Zikikatana kofia haina pa kuzungukia. Kwa matuta usipitishe pini kufuata mstari, itateleza itoke vile ilivyoingia, ipitishe kukata mistari, chini ya tuta moja, mbili, tatu. Kwa rasta au dredi unapitisha ndani ya fundo lililofungwa nyuma, hapo hata moja inatosha. Na kwa wigi, kwanza wigi lenyewe lishonewe au libanwe kwa matuta ya chini, halafu pini ipite wigi ishuke hadi ichukue tuta. Ncha ikitokeza nje, tia kizibo. Tafadhali tia kizibo.

Hiyo ya kizibo si urembo, kuna historia yake. Kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa kofia kubwa ajabu juu ya nywele zilizorundikwa na kujazwa ndani, na kofia pana namna hiyo ilihitaji pini ya kupita upande hadi upande, nyingine zilifika sentimita 30. Sasa hebu fikiria mwanamke anapanda gari la abiria na chuma cha namna hiyo kichwani. Mei 1903 huko New York, msichana anayeitwa Leoti Blaker, aliyekuwa ametoka Kansas kutembea, alipanda gari la farasi la abiria Fifth Avenue, mzee aliyekaa kando yake akaanza kujisogeza, gari likiruka kidogo anamkaribia zaidi, mwishowe akamwekea mkono mgongoni. Msichana alitoa pini ya kofia akamdunga mkononi. Mwanamke yeyote wa Nairobi aliyepanda mathree jioni anaelewa hiyo hadithi bila kuelezwa zaidi. Magazeti ya wakati huo yalijaa visa kama hivyo, wengine wakisifu na wengine wakilalamika kwamba watu wanachomwa nyuso kwa bahati mbaya kwenye gari zilizojaa. Machi 1910 baraza la jiji la Chicago likapitisha sheria, kura 68 kwa 2, kukataza pini iliyozidi inchi 9, kama sentimita 23, na faini ilikuwa hadi dola 50. Kwa maoni yangu sheria ingeweza kusema tu ncha ifunikwe, lakini wao waliamua kupima urefu wa pini badala ya kushughulikia wale wazee wa mikono mirefu.

Kilichomaliza pini si sheria. Miaka ya 1920 wanawake walikata nywele fupi, fundo likaisha, na pini ikakosa pa kuazima. Kofia za wakati huo zikabadilika kabisa, zikawa kama kengele, ukingo mdogo, zinavutwa chini hadi karibu na nyusi na kubana kichwa chote. Unaona, walirudi kwa saizi. Wayahudi wenye ile kofia ndogo ya utosini nao, wengi wanatumia klipu ya nywele, na mwenye kipara anatafuta njia nyingine.

Fasineta ni somo la peke yake manake si kofia kamili, ni pambo limekaa upande mmoja wa kichwa, uzito wote uko kando. Hapa kuna kosa naliona kila msimu wa harusi: mtu anapitisha lastiki chini ya kidevu kama mtoto kwa sherehe ya bathdei. Lastiki ya fasineta inaenda nyuma. Inapita nyuma ya masikio, inashuka chini ya nywele hadi chini ya kisogo. Jiguse nyuma ya kichwa, utasikia ule mfupa umetokeza halafu chini yake pameingia ndani kabla ya shingo. Hapo ndio lastiki inakaa. Ikitaka kupanda lazima ipite ule mfupa, na hauipishi. Chini ya kidevu inaonekana, inakata, na ukianza kuongea au kula kidevu kinashuka na kupanda na fasineta inacheza nacho. Nyuma hakuna kinachocheza. Chukua lastiki ya bob 20 ya mviringo, nyembamba, rangi ya nywele zako, ukate ikiwa fupi kidogo kuliko unavyodhani, juu lastiki ikishavaliwa saa moja inalegea.

Kama fasineta ina kichana kimeshonewa chini, usikichomeke kufuata mlalo wa nywele, kichomeke kinyume kwanza halafu ukigeuze kilale, meno yanakuwa yamejikunja ndani ya nywele. Nywele zikiwa laini mno, weka pini mbili ndogo za nywele zimekatana pale chini kwanza, kichana kikamate pini badala ya nywele. Na hizo pini ndogo, ule upande wenye mawimbi ni wa chini, unaelekea ngozi ya kichwa. Wengi wanaweka juu wakidhani ni urembo. Mawimbi ndio yanayoshika.

Kofia ya graduesheni ni ile ile habari ya nywele. Bodi ni pana, juu iko bapa, chini kuna kikofia kidogo chepesi, ukiinama mbele ya mgeni rasmi inateremka. Fungua nyuzi kidogo kwa mkanda wa ndani, sehemu nne, pitisha pini ndogo hapo ziingie kwa nywele. Dakika tano, siku yako inaenda vizuri.

Kamba ya kidevu ni rahisi zaidi kuelewa, kidevu hakiendi popote. Zile kofia za safari unaona waongozaji wa watalii wamevaa zina kamba imetoka matundu mawili ya ukingoni, inakutana kwa kishikizo kinachoteleza juu na chini. Wachunga ng'ombe wa Marekani walitumia hiyo hiyo, manake mtu juu ya farasi anayekimbia hawezi kushuka kuokota kofia. Uzuri wake ni kwamba si lazima ikazwe, hata ikiwa imelegea kofia ikiruka inaning'inia mgongoni. Wakati upepo umetulia, pitisha kamba nyuma ya kichwa, usiiweke kooni. Kepi za askari nazo, ule mkanda mwembamba uko juu ya mdomo wa kepi na vifungo viwili vidogo kando, watu wengi hudhani ni pambo, na kwa nyingi siku hizi umebaki pambo kweli, lakini asili yake ni kushushwa chini ya kidevu. Kuna pia kamba fupi yenye klipu mbili, moja kwa ukingo wa kofia na nyingine kwa kola ya shati nyuma. Haizuii kofia kuruka, inazuia isiende mbali. Kwa wanaopanda Ngong Hills, pale kwenye yale mapanga ya umeme wa upepo, hiyo ndio nawauzia. Walioweka yale mapanga pale walijua upepo wa hapo haubembelezwi.

Lakini kamba shingoni ina upande mwingine, na hapa naomba mwenye mtoto asome polepole. Kamba inayoshika kofia inaweza pia kushika mtoto. Kamba ikinaswa kwa mlango, kwa telezi ya uwanja wa kuchezea, kwa kitanda, uzito wa mtoto unaning'inia shingoni. Mwaka 1996 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo kwamba nguo za nje za watoto zisiwe na kamba za kukaza kwenye kofia ya jaketi na shingoni, kwa sababu watoto walikuwa wamekufa kwa kunaswa. Mtumba wetu unaletwa kutoka kila mahali na miaka yote, kwa hivyo kamba bado unazikuta. Marvin, ile kofia ya kufumwa, ya mtoto mchanga yenye kamba mbili za kufunga chini ya kidevu naipata kila siku, na mama akiniruhusu nazikata naweka velkro kipande kidogo kama kucha. Velkro ikivutwa inaachia. Kwa mtoto, hiyo kuachia ndio kazi. Na akilala, mvue kofia kabisa.

Kwa helmeti ya boda ni kinyume chake, na hapo ndio watu wanachanganya vitu viwili vinavyofanana kwa macho. Kamba ya kofia ya mtoto lazima iachie. Kamba ya helmeti lazima isiachie hata iweje. Sheria ya trafiki inataka dereva na abiria wa pikipiki wavae helmeti, na tunavaa, lakini angalia steji yoyote: helmeti ya abiria imening'inia kwa hendo, kamba yake imekatika au haina kifungo, inakaa kichwani kama sufuria imefunikwa. Mapitio ya tafiti 61 yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa ajalini kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, ila inafanya hiyo kazi ikiwa bado iko kichwani wakati kichwa kinapiga lami. Mtu akirushwa, kichwa mara nyingi hakipigi mara moja. Kinapiga gari, halafu kinapiga barabara. Helmeti isiyofungwa inaweza kwenda kabla hata ya pigo la kwanza.

Daktari wa upasuaji wa ubongo Hugh Cairns alimhudumia Lawrence wa Arabia, yule afisa maarufu wa jeshi la Uingereza, mwaka 1935 alipoanguka na pikipiki bila helmeti, akafa baada ya siku sita. Cairns hakuiacha hiyo habari, aliendelea kufuatilia vichwa vya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti wake uliosukuma jeshi la Uingereza kuvalisha helmeti waendesha pikipiki wake.

Kifungo kizuri kabisa ni cha pete mbili za chuma. Kamba inapita kwa pete zote mbili, inageuka, inapita juu ya ile ya nje na kuingia ndani ya ile nyingine, ukivuta inabanwa kati ya pete. Kidevu kikiivuta zaidi, inabanwa zaidi. Haina jino la kuisha wala springi ya kuvunjika. Ikae chini ya taya, karibu na koo, si kwa ncha ya kidevu ambapo inateleza mbele, na vidole viwili tu ndio viweze kupita kati ya kamba na ngozi. Na chini ya helmeti vua ile kofia ya satini au funga kitambaa cha pamba, ile habari ya kuteleza ni ile ile.

Kuna kijana wa boda aliniletea helmeti juzi, kamba imeng'oka upande mmoja pale ilipopigwa ribiti. "Anti nishonee hii, niko na kastoma amengoja." Nilikataa. Uzi wangu ni wa nguo, na hata ningeweka mishono 20, ile kamba ilikuwa imeshikwa na chuma kwa ganda, si na kitambaa. Alikasirika kidogo akaenda. Baada ya siku mbili akarudi na nyingine, kamba zote mbili nzima, pete mbili. Nikamwambia aivae afunge, asimame wima. Nikaweka vidole vyangu kwa ukingo wa nyuma, pale juu ya shingo, nikaisukuma juu na mbele kwa nguvu zangu zote, manake helmeti nyingi hutokea hapo, zinajikunja mbele na kuvuka kisogo. Ilisogea hadi nyusi ikakataa. Nikasukuma tena. Ikakataa. Akacheka, akauliza kama naweza kumjaribia na ile ya abiria, iko pale nje kwa pikipiki.